Upweke wa Askari Katika Kituo cha Mbali

Kiangazi kilichopita tulipanda kilima kimoja cha kaskazini mashariki mwa nchi yetu, ambako umesimamishwa mlingoti wa simu ya upepo unaopokea maneno ya vituo vya bondeni na kuyarusha hadi makao makuu ya kikosi. Gari lilituacha chini kwa sababu njia ilikuwa imeliwa na mafuriko, nasi tukakwea kwa miguu muda wa saa mbili na nusu. Juu tuliwakuta askari watatu, sajini, koplo na kijana mmoja asiye na cheo, ambao juma lile walikuwa wakitimiza mwezi wa saba pale pale. Walitupigia saluti, wakatukaribisha kivulini, wakatupa maji kwa kipimo, kwani maji yao hupandishwa na punda mara mbili kwa juma. Baada ya kula maharage yao, ambayo hatutayasifu kupita kiasi, tuliwauliza ni jambo gani linalowasumbua zaidi. Tulitazamia kusikia habari za nyoka, au za wezi wa ng'ombe, au za posho. Sajini alifikiri kidogo, akasema, "Afande, huku hatuogopi usiku, maana usiku kila mtu ana zamu yake. Tunachoogopa ni saa tisa ya mchana."

Asiyepata kukaa katika kituo cha namna hiyo aweza kulicheka jibu hilo. Lakini saa tisa ya mchana silaha zimekwisha kusafishwa, ripoti imekwisha kupelekwa, jua lingali kali, na zamu ya jioni iko mbali. Ndipo askari anapokaa akitazama mbuga tupu, na fikira zake zikaanza kutembea zenyewe: kwa mkewe, kwa deni aliloliacha, kwa neno baya aliloambiwa na mwenzake mwezi uliopita ambalo leo linaonekana baya zaidi kuliko siku lilipotamkwa.

Jambo hili ni la wengi. Analijua polisi aliyewekwa katika kisiwa cha Ziwa Viktoria, ambaye raia wanamheshimu lakini hawamkaribishi karamuni. Analijua mlinzi wa mpaka. Wanalijua wenzetu waliopita Somalia, kwani tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipotangulia kuingia Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, maelfu ya vijana wetu wamekaa karibu mwaka mzima kwa kila zamu nyuma ya viroba vya mchanga, mbali na watu wao. Hata raia wamelionja. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoenea duniani, watu wa ofisini kwa mamilioni waliamriwa kufanyia kazi nyumbani, na wengine wameendelea hivyo hadi leo. Wengi walifurahi mwanzoni, kisha wakaanza kulalamika kwamba siku zote zinafanana, na kwamba hawajui tena kazi inaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi. Askari wa mlimani akisikia malalamiko hayo ya mtu aliye na bomba la maji na kitanda chake mwenyewe hutabasamu. Hata hivyo ugonjwa ni ule ule.

Kisa kinachostahili kusimuliwa kwa wanajeshi juu ya jambo hili ni cha Admirali Richard Byrd wa Jeshi la Majini la Marekani. Mwezi wa Machi mwaka 1934 aliingia peke yake katika kibanda kilichozikwa ndani ya theluji huko Antaktika, yapata kilomita 200 kusini mwa kambi yake kuu iliyoitwa Little America, ili apime hali ya hewa majira yote ya baridi. Huko jua hupotea kwa miezi, na baridi hushuka hata chini ya nyuzi 60 kasoro sifuri. Hakuwa mtu dhaifu. Mwaka 1929 alikuwa amepita kwa ndege juu ya Ncha ya Kusini, na alikuwa amezoea kuamrisha. Alijiwekea ratiba ya kazi, akapima upepo, akaandika shajara, akajilazimisha kutoka nje na kutembea gizani kila siku. Mawasiliano yake na wenzake yalikuwa ya simu ya upepo, kwa siku zilizopangwa: yeye aliwasikia kwa sauti, nao wakapokea majibu yake kwa ishara za Morse.

Mwishoni mwa Mei hewa ya sumu isiyo na harufu, iliyotoka katika jiko lake na katika injini ya simu, ilimwangusha. Tangu siku ile alikuwa mgonjwa taabani. Chakula hakikai tumboni, na kuwasha taa kulikuwa kazi ya kumchosha. Je, aliwaambia wenzake? Hakuwaambia. Alijua kwamba wakipata habari watatoka katika giza lile kumfuata, na huenda wakafia njiani. Basi akaendelea kuwapelekea habari kana kwamba hakuna lililomfika. Nia hiyo tunaiheshimu, maana ni nia ya kamanda anayewajali watu wake. Lakini mkono ulimsaliti. Waliopokea ishara zake kule Little America walianza kuona kwamba maneno yanakatika, herufi zinakosewa, na majibu yanakawia kuliko desturi. Wakaingiwa na shaka. Walifunga safari, giza na baridi vikawarudisha. Wakafunga tena, wakarudishwa tena. Na mwezi wa Agosti watu watatu wakafika kibandani na kumkuta amebaki mifupa. Hali yake ilikuwa mbaya hata hawakuweza kumwondoa upesi, wakakaa naye hadi Oktoba. Miaka minne baadaye, 1938, alitoa kitabu akakiri yote aliyokuwa ameyaficha.

Laiti tungalikijua kisa hicho tulipokuwa luteni mpya. Sisi tuandikao haya tulitoka shule ya makadeti tukiwa hodari wa kusoma ramani na wa kupanga doria, na kazi yetu ya kwanza ilikuwa kukaa katika chumba cha mawasiliano na kupokea kila jioni ripoti za vituo vinne. Kituo kimoja kililinda mtambo katika mahali pakavu sana. Walikuwako koplo na askari mmoja. Askari yule akaugua malaria kali, gari likamchukua, na wa kushika nafasi yake hakupelekwa. Kila juma liliahidiwa juma lijalo. Koplo akabaki peke yake siku 41.

Siku za mwanzo ripoti zake zilikuwa na maneno. Alitueleza kwamba kanga wamechimba mahindi yake machache, kwamba ameona moshi upande wa mashariki na moshi wenyewe ni wa wachoma mkaa, kwamba bati moja la paa linapiga kelele usiku na angependa misumari. Sisi tulimkatiza. Tulimwambia kwamba simu ya jeshi si mahali pa hadithi za kanga. Tulikuwa kijana, na tuliona kwamba tunatunza nidhamu ya mawasiliano. Naye akatii. Ripoti ikawa "Hali shwari, hakuna la kuripoti." Baada ya majuma mawili ikawa "Shwari" peke yake. Hatuna budi kukiri kwamba tulifurahi, kwani kazi ya jioni ilikwisha mapema. Kisha likatokea jambo la ripoti kuchelewa saa nzima, na usiku mmoja tukasikia kifungo kinabonyezwa mara mbili, bila sauti. Tukaandika katika daftari: mawasiliano dhaifu. Tukaenda kulala.

Gari la chakula lilipofika asubuhi ya pili yake dereva alimkuta koplo ameketi chini ya mlingoti. Sare yake ilikuwa safi, viatu vinang'aa. Bunduki yake aliifungua vipande vipande, akavipanga juu ya mkeka kwa mstari, kila kimoja kimepakwa mafuta. Hakuwa amekula siku tatu. Alimwuliza dereva leo ni siku gani, na kama kweli makao makuu bado yapo. Katika kitabu cha kituo alikuwa ameandika tarehe ile ile moja siku tisa mfululizo, kwa mwandiko mzuri.

Alilazwa hospitali, akatibiwa, akapona, akarudi kazini, na hatuna neno la kumlaumu. Lakini tulipokwenda kumwona wodini tulimwuliza, kwa ukali wa mtu anayejua kwamba mwenye kosa ni yeye mwenyewe, kwa nini hakusema. Akatujibu kwa upole, "Afande, nilikuwa nakwambia shwari ili uniulize."

Neno hilo halijatutoka. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu hajitangazi. Admirali hakujitangaza, koplo hakujitangaza. Mmoja alificha kwa kuwahurumia wenzake na mwingine kwa sababu tulimfundisha kunyamaza, lakini wote wawili walisema kwa njia nyingine: ishara zilizokatika, kifungo kilichobonyezwa bila sauti. Tofauti ni kwamba kule Antaktika alikuwako mtu wa kusikiliza. Mafunzo yetu humweleza askari jinsi ya kupeleka habari. Hatukumbuki saa hata moja darasani ya kufundishwa jinsi ya kumsikia anayezipeleka.

Juu ya kumwacha mtu mmoja peke yake, mababaharia walijifunza zamani. Huko Wales, Uingereza, kuna mnara wa taa uitwao Smalls, juu ya mwamba katikati ya bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuwa ukitunzwa na watu wawili, na wawili hao, inasimuliwa, walijulikana kwa magomvi. Mmoja akafa. Aliyebaki aliogopa kuutupa mwili baharini asije akashitakiwa kwamba amemwua mwenzake. Akatengeneza jeneza kwa mbao za chumbani, akalifunga nje ya mnara, na dhoruba ikalivunja mbele ya macho yake. Bahari chafu iliwazuia watu kumfikia kwa majuma mengi. Naye aliendelea kuiwasha taa kila usiku pamoja na maiti ile dirishani. Alipookolewa jamaa zake hawakumtambua vizuri. Tangu hapo ikawa desturi kwamba mnara wa namna hiyo uwe na watunzaji watatu. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kusema kwamba figa moja haliinjiki chungu, na mafiga yenyewe ni matatu. Wawili wakigombana hakuna wa kuwapatanisha, na mmoja akiugua mwingine amebaki peke yake. Byrd naye alitaka watu watatu, lakini shehena haikutosha kwa watatu, na wawili hakuwataka kwa sababu aliamini watachukiana. Ndipo akaenda mwenyewe. Kwa maoni yetu kituo kisichoweza kupewa askari watatu ni kituo kinachohitaji kufikiriwa upya, ingawa tunajua kwamba maofisa wa utumishi watatuuliza hao watatu watatoka wapi.

Sasa turudi kwa saa tisa ya mchana. Merikebu ya Kibelgiji iliyoitwa Belgica ilishikwa na barafu ya Antaktika mwaka 1898, nayo ikawa ya kwanza kukaa huko majira ya baridi yote. Jua lilipotea tangu katikati ya Mei hadi karibu na mwisho wa Julai. Afisa mmoja akafa, baharia mmoja akapotewa na akili, wengine wakalala vitandani wakisubiri zamu yao ya kufa. Aliyewainua ni daktari wao, Frederick Cook. Aliwalazimisha kula nyama mbichi ya pengwini na ya sili, ambayo nahodha mwenyewe alikuwa ameichukia, na hiyo iliwaponya kiseyeye. Aliwasimamisha mbele ya moto mkali, wapate mwanga na joto mwilini. Akawapa kazi na mazoezi. Wengi wetu hudhani kwamba tiba ya upweke ni maneno mazuri. Cook alianzia tumboni na miguuni.

Namna hiyo hiyo walikaa watu 22 wa Ernest Shackleton katika Kisiwa cha Elephant mwaka 1916, kwa miezi minne na zaidi, chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, bila kujua kama mkubwa wao aliyekwenda kutafuta msaada yu hai. Kamanda wao, Frank Wild, aliwaamuru kila asubuhi wakunje malazi yao na kuwa tayari, kwa kuwa huenda mkubwa akafika leo. Jioni waliimba kwa banjo, iliyookolewa kwa amri ya Shackleton kutoka merikebu inayozama, wakati watu waliruhusiwa kubeba vichache mno. Wote 22 waliokolewa tarehe 30 Agosti.

Na ya karibuni zaidi: kuanzia Juni 2010 hadi Novemba 2011 watu sita walifungiwa mjini Moscow kwa siku 520, kama kwamba wanasafiri kwenda sayari ya Mirihi na kurudi. Chakula kilikuwapo, hatari haikuwapo. Wapimaji waliona kwamba kadiri siku zilivyopita watu hao walijongea kidogo zaidi na kulala zaidi, na mmoja saa zake ziliteleza polepole hata siku yake ikawa ya saa 25, yu macho wakati wenzake wamelala. Hakuna aliyemwamuru. Siku isiyo na mipaka huteleza yenyewe, kama tarehe za koplo wetu. Wengine waliochunguza kazi za namna hii husema pia kwamba wakati mgumu si wa mwanzo wala wa mwisho, bali ni baada ya nusu kupita, mtu anapotambua kwamba alikokwishapita ni sawa na alikobakiza. Si wataalamu wote wanaokubaliana juu ya hilo, ila sajini wa kilimani alilikubali bila kuulizwa mara mbili. Alisema mwezi wa saba ni mbaya kuliko wa pili.

Kuna jambo ambalo Byrd hakuwa nalo, nalo ni simu ya mkononi. Wakubwa wengine hufikiri kwamba simu imemaliza upweke. Sisi tumeona mara nyingi ikiuongeza. Zamani barua ilifika baada ya mwezi, ugomvi ukawa umekwisha poa. Leo askari juu ya kilima hujua saa ile ile kwamba mtoto ana homa, kwamba mwenye nyumba amekuja kudai kodi, kwamba shemeji amesema neno, na hawezi kufanya lolote ila kutuma fedha, kama mtandao unashika. Kisha simu inazimika kwa kukosa moto, naye anabaki na habari nusu usiku kucha. Hatusemi simu ziondolewe. Tunasema askari aafikiane na mkewe saa moja ya kupigiana, saa ile ile kila siku au kila siku ya pili, na nje ya saa hiyo iwe ni dharura tu. Na mazungumzo yenyewe yasiwe ya fedha peke yake. Askari mmoja aliyerudi kutoka Somalia alitwambia kwamba kilichomsaidia ni binti yake kumsomea somo la shule kila Jumapili jioni, dakika kumi, wala hawakuzungumza jambo jingine.

Waragi tutaitaja kwa sentensi moja: huifupisha jioni ya leo na kuirefusha jioni ya kesho.

Wale watatu wa kilimani hawakungoja kufundishwa na mtu. Saa tisa ya mchana wameigeuza saa ya bustani. Wana mboga matuta manne, nayo humwagiliwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Baadaye huchezwa bao, na mshindwa ndiye hupika. Kijana asiye na cheo anamfundisha koplo Kiingereza, na koplo anamfundisha kijana kushona. Waligombana vibaya mwezi wa nne juu ya redio, hawakusemezana siku tano, na sajini aliwapatanisha kwa kuwatuma wote wawili bondeni kuleta kuni, mzigo mmoja mrefu wa kubebwa na watu wawili.

Jioni kabla hatujateremka simu ya upepo iliita. Katika chumba cha mawasiliano cha bondeni yuko luteni mpya, ambaye tulikuwa tumesema naye kabla ya kupanda. Sajini alitoa ripoti yake kwa kanuni zote, akamaliza kwa neno shwari. Kukawa kimya kidogo. Kisha sauti ya kijana ikauliza, kwa haya kidogo, nani amepika leo.

"Ni mimi, afande," alijibu sajini, akitutazama kwa jicho la pembeni. "Na wageni hawakumaliza."